Betri Siyo Ng'ombe

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, hapa hapa Ilongero, ambayo mpaka leo nikisikia kitu kinalia fssss, hata kama ni soda tu inafunguliwa, naruka nyuma kwanza, aibu inafuata baadaye.

Kaa vizuri, mwanangu. Najua unacheka. Unasema huyu naye, kidato cha tatu, kidevuni ana ndevu za kuhesabika, eti ananiita mwanangu. Ndiyo, nakuita. Wewe ni kidato cha kwanza, umekuja shuleni na simu ya dada yako umeificha kwenye soksi (ulidhani hatujaiona?), na hiyo simu ina joto kama kiazi kilichotolewa jivuni. Mimi nimeona joto la namna hiyo linakoishia. Kwa hiyo leo mzee ni mimi, na usinikatize.

Kwanza umjue babu yangu, mzaa baba. Huyu ndiye wanayemkimbilia watu wa huku ng'ombe akivimbiwa. Ng'ombe akila majani mabichi yenye umande, tumbo linajaa upepo mpaka linakuwa ngoma, na asipopata msaada anaanguka. Babu anakuja na chuma chake chenye ncha, anapapasa ubavu wa kushoto, anachoma mara moja. Halafu, na hili ulishike, anainamisha uso karibu kabisa na tundu, shavu na sikio, asikilize upepo unavyotoka. Ukitoka vizuri anatabasamu, mwenye ng'ombe naye anatabasamu. Sijawahi kuona amekosea.

Bibi naye ana kiswaswadu, kile kisimu cha vitufe, ambacho mfuniko wake ulishakataa kufunga siku nyingi, akaufunga kwa raba bendi. Anakiweka kifuani, ndani ya gauni. Hajui kusoma, kwa hiyo nilimwandikia majina kwa herufi A, maana alisema inafanana na paa la nyumba. Nyumba moja ni baba yangu. Nyumba mbili ni Shangazi Zaituni, aliyeolewa Kilimatinde. Nyumba tatu ni mimi. Bibi anashuka na kidole mpaka kwenye nyumba anayoitaka, anapiga. Ukimpa simu nyingine isiyo na nyumba zake, umemfungia mlango wa watoto wake wote.

Na mimi? Mimi nyumbani kwetu ndiye mpuuzi mkuu. Babu na bibi ni watani wangu, kwa hiyo nilikuwa na ruhusa. Niliwahi kuibadilisha simu ya Bibi ikawa inalia sauti ya mbuzi, akamtafuta mbuzi huyo kwenye alizeti mpaka jua likamchoka. Siku nyingine mama anaongea na simu ikiwa kwenye chaji, nikapasua mfuko wa nailoni nyuma ya kisogo chake, paa! Nikapiga kelele, "Imelipuka!" Mama akairusha simu kwenye maji ya kuku. Nilichapwa, lakini watu walicheka wiki nzima, na mimi nikahesabu kwamba nimefaidi.

Sasa ndiyo tufike kwenye ile asubuhi.

Tulikuwa uani tunafunga alizeti. Mimi nashika mdomo wa gunia, Babu anashona kwa ile sindano kubwa ya magunia. Maganda makavu yametapakaa kila mahali, unakanyaga yanalia. Bibi akatoka ndani ameshika simu kwa mikono miwili.

"Mume wangu mdogo," akaniita, ndivyo anavyoniita, "hebu njoo uone. Simu yetu ina mimba."

"Bibi, mimba siyo yangu, muulize Babu."

Babu akacheka. Bibi hakucheka sana. Alikuwa amepigiwa alfajiri, Shangazi Zaituni ameanza uchungu, na katikati ya maneno simu ikazima. Tangu hapo haijawaka. Alikuwa anataka jambo moja tu duniani: simu iwake, asikie mwanawe amejifungua salama.

Nikaivua raba bendi. Mfuniko ukaruka wenyewe. Betri nayo ikachomoka kama imesukumwa. Ilikuwa imevimba katikati kama mto wa kulalia. Ilikuwa na joto, na simu ilikuwa imezima!

Mwalimu wetu wa kompyuta alishatuonyesha kitu kama kile. Kompyuta mpakato moja ya shule, ile sehemu ya kutelezesha kidole ilikuwa imenyanyuka, na alipoifungua tukaona betri imevimba hivyo hivyo. Alitusogeza wote nyuma mpaka ukutani, na yule mwalimu huwa anacheka hata akitoa adhabu, lakini siku hiyo hakucheka. Alisema ndani mle kuna vitu viwili vinavyotenganishwa na utando mwembamba, na utando ukitoboka vikakutana, ni moto.

Nikawaza siku zote ambazo kitu kile kimelala kifuani kwa Bibi.

"Bibi, hii usiiguse tena," nikasema. "Imeharibika. Ni hatari."

"Lete nione," akasema Babu.

Mzee akikuambia lete, unaleta. Nilimpa, kwa mkono wa kulia, kwa adabu, kama mjinga. Babu akaipima kiganjani. Akaibonyeza kwa dole gumba, nikafumba macho. Akaigongagonga kwa ukucha, akaitegea sikio.

"Imevimbiwa," akasema. "Huu ni upepo. Mmeilisha nini?"

"Umeme wa jua," Bibi akajibu. "Naiweka juu ya bati karibu na paneli asubuhi, naitoa jioni. Nataka ishibe."

"Ndiyo maana. Imekula imepitiliza." Na akaichukua ile sindano ya magunia.

Mwanangu, nikapaza sauti.

"Babu, usitoboe! Italipuka!"

Akanitazama. Akamtazama Bibi. Wakaanza kucheka wote wawili.

"Kama ya mama yako ilivyolipuka?" akasema Bibi, ameegemea nguzo kwa kicheko.

"Safari hii kweli, Babu."

"Hata safari ile ulisema kweli."

Na kuna balaa jingine ambalo sijawahi kumwambia mtu. Mimi nikiogopa, uso wangu unacheka. Ndivyo ulivyozoea. Midomo inavutika yenyewe, meno yanatoka nje. Kwa hiyo nilikuwa nimesimama pale, nimekenua kama nimeokota embe, na wazee wangu wanauona mkenuo wanasema haya, ameanza tena. Nilitaka kumnyang'anya. Mkono ukagoma. Kumpokonya mzee kitu mkononi, kwetu, afadhali uvunje sahani zote za nyumba. Halafu sindano ilikuwa imeshaelekezwa. Ningevuta, ningeitoboa mwenyewe.

"Sasa huyu," Babu anasema peke yake, anaigeuza geuza, "ubavu wa kushoto ni upi?"

Akaupata aliouona unafaa. Akaweka ncha. Na kisha akainamisha uso. Shavu na sikio, karibu kabisa, asikilize upepo.

Sijui niliwaza nini. Naona sikuwaza. Niliruka nikaliangusha gunia ambalo halijamalizwa kushonwa, alizeti ikamwagika yote, nikapiga magoti juu ya maganda mbele yake, nikasema:

"Shikamoo, Babu."

Nilishamsalimia asubuhi. Mtu hasalimii hivyo mara mbili. Lakini shikamoo ni shikamoo, mzee hawezi kuiacha ikining'inia hewani. Mkono wake ukasimama. Akainua uso.

"Marahaba," akasema polepole. "Mbona unanisalimia tena?"

Machozi yalikuwa yanatoka, na midomo bado imekenua, nadhani nilitisha kuliko betri yenyewe. Bibi akaacha kucheka.

"Mjukuu wangu, una nini?"

"Naogopa, Babu. Naogopa sana."

Hilo neno sikuwahi kulisema pale nyumbani. Babu akaitazama betri, akanitazama mimi, akaiweka chini taratibu kama yai. Nikapumua. Halafu nikaona kwenye ule uvimbe kuna kidoa. Ncha ilikuwa imeshaingia kidogo.

Fssss.

"Babu, rudi nyuma! Bibi, rudi! Msivute huo moshi!"

Na wakarudi! Wazee wangu wote wawili, kwa amri ya mtoto. Moshi mweupe ukatoka wenye harufu ya kukwaruza koo, kisha ulimi wa moto ukachomoka kwenye tundu lile lile ambalo shavu la Babu lilikuwa karibu nalo. Maganda ya alizeti yakashika. Unajua yale maganda, yana mafuta, hayahitaji kubembelezwa. Jembe lilikuwa karibu, nikalishika mpini nikaivuta betri mpaka kwenye udongo mtupu, nikaifukia kwa mchanga wa kujengea, nikaongeza, nikaongeza tena, mchanga mwingine unanimwagikia miguuni. Babu alikuwa anapiga maganda kwa gunia lililolowa, Bibi anamwaga ndoo ya maji. Magunia ya msimu mzima yalikuwa hatua chache kutoka pale.

Moto ulikufa. Babu alijishika shavu. Akalishika muda mrefu, kama analitafuta.

Bibi ndiye aliyesema kwanza. "Zaituni wangu sasa nitampataje?"

Nikaitoa laini kwenye kiswaswadu chake, nikaiweka kwenye simu yangu. Akaisogelea kwa woga, amenyoosha shingo tu, miguu imebaki kule. "Nyumba zangu zipo?" Nikamwonyesha. Zilikuwa zimehifadhiwa kwenye laini, zikaja zote. Akagusa nyumba mbili. Ikaita. Ikaita sana. Nakwambia ule mlio wa kuita ulinitisha kuliko moto, maana moto una mchanga, huu hauna. Kisha mume wa Shangazi akapokea, na kabla hajasema lolote tukasikia nyuma yake kitoto kinalia kwa hasira zote za dunia.

Bibi akakaa chini kwenye alizeti.

"Babu, njoo umpongeze Shangazi," nikasema, nikamnyooshea simu.

Akaishika, mkono umenyooka mpaka mwisho, uso ameugeuzia zizini. "Zaituni!" akapiga kelele. "Ongea kwa nguvu! Sikio siweki huko!"

Jioni alinikuta naokota alizeti niliyomwaga. Hakunisifu, wala hakunigombeza. Alisema tu, "Yusufu, siku nyingine ukiwa na la kweli, anza na shikamoo."

Sasa sikiliza nasaha yenyewe, mwanangu, maana hadithi peke yake haizimi moto.

Betri ukiitilia shaka, itoe, ilaze juu ya meza, izungushe kwa kidole. Ikizunguka kama pia ya watoto, imevimba. Usiibonyeze, usiitoboe, usiirudishe kwenye chaji hata dakika ya kusalimia mtu. Kama haitoki yenyewe, usiichokonoe. Iweke nje juu ya mchanga mbali na watoto, kisha umpelekee fundi ndani ya kopo lenye mchanga. Na tafadhali usiitupe kwenye shimo la taka, nyumbani kwenu kila Jumamosi mnachoma. Ukinunua nyingine, nunua betri tu, simu haina kosa. Lakini usinunue ile ya mnadani yenye jina kubwa na bei ya pipi, kama ile ya Bibi.

Simu ikiwa kwenye chaji usiiweke chini ya mto, wala juu ya godoro, wala juani kando ya paneli. Paneli inapenda jua, simu haipendi. Ikijaa, chomoa, simu haishibi kama Bibi anavyodhani. Waya ukiunguza vidole, uache. Tundu la chaji likijaa vumbi, zima simu, tumia kijiti kikavu cha mbao. Sindano, nadhani tumeshaelewana.

Kuna wanaosema simu imezeeka kumbe imejaa. Futa zile video za harusi ya jirani kwanza. Na ukitaka kuisafisha yote ianze upya, au kumhamishia mtu vitu vyake kwenye simu mpya, nakili majina na picha kabla hujagusa kitu, kisha kaa naye umuulize anapitia wapi kumfikia mwanawe. Bibi sasa ana simu mpya ya vitufe, na nyumba zake ziko pale pale. Imeongezeka moja, ya kitoto cha Kilimatinde, ingawa hakijui hata kushika kijiko.

Kompyuta nazo ni hivyo hivyo. Upepo wa Singida unaujua, vumbi lake linaingia hata kwenye yai. Ikiwa nzito na inanguruma, izime, chomoa waya ukutani, ifungue, pangusa feni kwa brashi laini. Bado nzito? Ongeza memori, au ondoa ile diski ya zamani inayozunguka uweke ya kisasa isiyozunguka, ila soma kwanza maandishi ya kifaa kilichomo ujue kinachoingia, na nakili kazi zako kwingine. Kompyuta ya maktaba yetu ilikuwa inasubiri kutupwa, sasa ndiyo tunayoigombania. Ila ikiwa mpakato na mgongo umeanza kunyanyuka, acha ushujaa. Mwite mwalimu.

Na utani, mwanangu, endelea nao, mimi mwenyewe sijaacha. Ila kuna jambo moja usilitanie, nalo ni hatari. Ukishalitania, siku likija utakuwa umekenua peke yako na hakuna anayegeuka.

Haya, inamisha kichwa nikuombee. Simu yako iwe na mgongo ulionyooka, na kompyuta yako ipate hewa. Betri zako zizeeke polepole bila hasira. Wazee wako wabaki na mashavu yao yote. Mungu akupe moyo wa kusema naogopa kabla ncha haijaingia, na akupe mtu wa kukujibu marahaba.

Sema amina. Sasa itoe hiyo simu kwenye soksi, taratibu, tuiweke kivulini.