Kuku wa Nne

Juzi sokoni Misikhu niliona kuku wamefungwa miguu, nikasikia tena harufu ya manyoya kwa maji moto. Nilikumbuka siku moja nikiwa mtoto: wageni kumi na watatu walikuwa wanakuja kuposa shangazi yangu, na kila mmoja angekula si chini ya vipande viwili.

"Kuku watatu wanatosha," mama alisema. "Kila kuku natoa vipande nane."

"Mathe, si hiyo ni ishirini na nne tu? Tunataka ishirini na sita! Gawanya kwa nane, ni kuku watatu na robo," nikamwambia.

"Haya mwalimu, chinja robo!"

Mimi nilidhani inawezekana, ati ile robo tatu ingine iendelee kutaga.

Mama alicheka, halafu akakamata kuku wa nne. Wageni walishiba, shangazi akaposwa. Baba aliposikia hesabu yangu alikata firigisi, ile huliwa na mwenye boma peke yake, akanipea nusu mbele ya wazee wote.