Hodi ya Stoo ya Viazi

Stoo ya viazi ilikuwa nyuma ya jiko, chumba kidogo kisicho na dirisha, na miaka yote ya ndoa yao hakuna aliyeingia mle bila kupiga hodi. Ndiyo, hodi kwa viazi! Mchezo huo aliuanzisha mume, seremala. Akifika mlangoni anaita, "Hodi wenyewe!" Mkewe, fundi cherehani, anajibu kutoka jikoni kwa niaba ya viazi, "Karibu, ila taa usiwashe!" Majirani walimbandika seremala jina la Bwana Giza. Kiazi kikikaa kwenye mwanga kinageuka kijani na kuwa kichungu, na yeye hakutaka hata mshumaa usogee pale.

Fundi cherehani alifunzwa hayo na machozi. Mavuno yao ya kwanza, bado bibi harusi anayetafuta sifa, aliviosha viazi vyote mpaka vikang'aa, ndipo akavipanga stoo. Vikaoza karibu vyote. Alilia, jamani, macho yakavimba, huku akisubiri kufokewa. Mumewe akaziba pua, akatazama, akasema, "Mke wangu, umewaogesha watoto vizuri sana. Umesahau tu kuwapaka mafuta." Walicheka mpaka wakakaa chini. Siku hiyo alijua kwamba amepata mume.

Basi akajifunza. Viazi vinachimbwa udongo ukiwa mkavu, vinatandazwa kivulini juu ya magunia mpaka ngozi ikaze, na udongo unapanguswa kwa kiganja tu. Vilivyokatwa na jembe seremala aliviita majeruhi, na hao walitangulia chunguni. Vizima vilipanda kwenye chanja cha mbao alichokiunda mwenyewe, chenye nafasi za kupitisha hewa. Vitunguu kukaa humo, viozeshe viazi? Thubutu! Kila wiki seremala aliingia gizani, akapapasa kimoja kimoja na kunusa, kisha akatoka na taarifa kama daktari wa zamu: "Wote wazima, wanakusalimu." Akikuta kilichooza, alitoka nacho taratibu, uso wa msiba. "Mmoja tumempoteza. Waliobaki wazima, wanakusalimu."

Mwaka huu seremala alichimba viazi, akavikausha, akavipanga kama kawaida yake. Kisha akaugua ghafla, akafariki.

Tangu mazishi mlango ule haukufunguliwa. Mjane wake alinunua viazi sokoni, tena vilivyooshwa, na kila alipovimenya alimsikia marehemu akiguna.

Asubuhi moja binti yao, aliyekuja kukaa naye, alisimama katikati ya jiko akinusanusa.

"Mama, stoo inanuka."

"Panya huyo."

"Panya gani, mama? Kuna kiazi kimeoza, na visipochambuliwa vitaambukizana. Mvua ndiyo hiyo inakuja. Tutapanda nini?"

Hapo akamgusa penyewe. Mbegu ile seremala aliirithi kwa mama yake, akaitunza msimu hadi msimu, na hakuna mwingine aliyebaki nayo. Ikioza, imekwisha.

"Ingia wewe basi," mama akasema.

"Mimi nitajulia wapi? Aliyefundishwa ni wewe."

Alijifuta mikono kwenye khanga, ingawa ilikuwa mikavu, akaenda. Mbele ya mlango akasita. Aliogopa kukuta vimeoza, ndiyo. Lakini zaidi aliogopa kupiga hodi akakosa wa kumwitikia.

"Hodi wenyewe," alisema.

Mkono wake ulikuwa umeshaanza kuachia komeo.

"Karibu!" binti akaita kutoka jikoni. "Ila taa usiwashe!"

Akaingia. Alipapasa chanja safu kwa safu, polepole, akinusa vidole kila mara. Vilikuwa vigumu, vikavu, vingine vimeanza kutoa machipukizi manene mafupi, vinadai shamba. Kwenye kona ya mwisho kidole kikazama. Alikitoa kile kilichooza, akavifuta viazi jirani kwa gunia, akavitenga vikauke. Kisha akakaa sakafuni kwenye giza la mumewe, akalia alivyotaka, maana mle hakuna wa kumwona.

Alipotoka, binti alikuwa mlangoni, anasubiri.

"Vipi, mama?"

Mama akainua kiganja chenye kiazi kilichooza.

"Mmoja tumempoteza," akasema. "Waliobaki wazima. Wanakusalimu."