Tanuri la Shangazi Halikuwa Tupu

Maabarani walimwita Shangazi, hata profesa aliyemzidi miaka kumi. Kazi yake kwa miaka ishirini na miwili ilikuwa kujaza tanuri: kopo la chuma lisilozidi kidole gumba, ambamo radiamu huchomwa huku ikipulizwa gesi yenye florini, mpaka viwili hivyo vioane kuwa molekuli. Molekuli hizo hunyang'anywa elektroni moja, hurushwa kwa umeme mkali, kisha hupita kwenye sumaku kubwa kama jokofu lililolazwa. Nyepesi hupinda sana, nzito hupinda kidogo; zenye uzito unaotakiwa tu ndizo hupenya mwanya na kuingia chumba cha pili chenye giza, kwa wenye leza wanaozimulika na kuzichunguza.

"Ni kupepeta tu," aliwahi kumweleza mumewe. "Ila pumba zake zina mionzi."

"Basi zibaki hukohuko."

Asubuhi moja mita ya kuhesabu molekuli zilizopenya haikusoma kitu. Radiamu ile hupungua nusu kila baada ya siku kumi na tano, na wenye leza walikuwa na mashine mpaka saa tisa alasiri tu. Daktari wa fizikia, mgeni wa mwezi mmoja kwenye usukani wa mashine, alikuwa amekwisha kutoa hukumu.

"Shangazi, samahani, tanuri ni tupu. Hukujaza."

"Nimejaza kwa mikono hii, nikapima mionzi mara mbili."

"Mbona hakuna kitu?"

Profesa akaamua lifunguliwe. Shangazi alijua maana yake: hewa ikiingia kwenye tanuri la moto, radiamu ndiyo basi, na lawama ingemganda yeye kama kupe.

"Nipeni nusu saa," alisema. "Daktari, mwanangu, kabla ya hapa nguvu ya sumaku ilikuwa wapi?"

"Juu. Nilikuwa napima uchafu mzito. Nikaishusha mpaka namba yetu."

"Ukaishusha!"

"Namba si ileile?"

"Namba ni ileile, sumaku siyo. Chuma kina kinyongo, baba. Ukikitoa juu, kinabaki kinavuta kwa nguvu za juu."

Mashine ile kongwe ilikuwa na desturi yake: ishushe mpaka sifuri, kisha uipandishe polepole, bila kurudi nyuma hata kidogo. Haikuandikwa popote; kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyemwambia mgeni.

Daktari akashusha, akapandisha, akapitiliza kwa unywele, akataka kurudisha.

"We! Anza upya!"

Profesa akatazama saa. Safari ya pili sindano ya mita ikatikisika, ikainuka, ikatulia juu. Chumba cha pili kikalipuka kwa vifijo.

Daktari akakuna kisogo. "Shangazi, nimekusingizia mbele ya watu."

"Basi kanusha mbele ya watu walewale."

Akaenda, akafungua mlango wa wenye leza. "Jamani! Tanuri lilikuwa limejaa! Kosa ni langu!"

"Tumeshajua!" wakamjibu gizani. "Funga mlango, unatuingizia mwanga!"