Bega la Zaina

Mwanangu, siku mjane mmoja, Mwamini, alipoingia katika kiwanda chetu cha uhunzi hapa Kindu naikumbuka vizuri mpaka leo. Hakuleta jembe la kutengenezwa. Alimpita mjomba wangu Kitenge, mwenye kiwanda, akaja kusimama mbele yangu.

"Nasikia unajua kufua sanamu za watu," alisema.

Nilikuwa kijana, ndevu ndo zinaanza. Mjomba ndiye aliyenilea na kunifundisha: kwanza kuchoma makaa, halafu majembe, halafu visu, na mwisho, aliponiamini, sanamu ndogo za chuma ambazo machifu waliziagiza. Zake yeye zilisifiwa mpaka mbali huko Tunda. Zilisimama wima, upande huu sawa na ule, utafikiri hakuna mtu aliyewahi kuumia duniani.

Miaka ile wafanyabiashara wenye bunduki walikuwa na kambi zao kando ya mto, na watu walikuwa wakichukuliwa utumwani. Zaina, binti wa pekee wa Mwamini, alikwenda kuteka maji, hakurudi. Mama yake aliufuata msafara mpaka nyayo zikampotea msituni. Alingoja misimu mingi ya mvua. Sasa alikuwa amechoka kungoja.

"Sina maiti," aliniambia. "Nipatie kitu cha kuzika."

Nilimwomba akae anisimulie. Alisema polepole, na mimi sikumharakisha. Zaina alikuwa akicheka bila sauti. Alipokuwa mdogo alianguka vibaya, bega la kushoto likapona likiwa juu kuliko la kulia, na tangu hapo alitembea kichwa kimeinamia upande huo, kama mtu anayesikiliza.

Basi nikamfua hivyo, kwa chuma, na shaba kidogo ya Katanga usoni. Mjomba alipoliona lile bega aliweka nyundo chini.

"Nyoosha."

"Mujomba, alikuwa hivi."

"Watu watasema mukono wa Kitenge umezeeka. Kitu cha kupinda hakitoki humu. Ukikipeleka hivyo, utafute moto mwingine."

Hakuwa mtu wa maneno mengi, na akisema jambo alilitimiza. Nami sikuwa na pengine pa kwenda. Niliirudisha sanamu motoni, ikawa nyekundu, nikainua nyundo. Nikamkumbuka mama yule alivyoinamisha kichwa chake mwenyewe kunionyesha. Mkono ulikataa kushuka. Nikaitoa, nikaipoza, nikampelekea.

Mwamini aliipokea kwa mikono miwili. Uso hakuutazama. Kidole chake kilikwenda moja kwa moja begani, kikabaki pale.

"Njo yeye, ni yeye," alisema. "Mutoto wangu njo huyu."

Akaketi chini, akalia kilio cha miaka yote ile. Majirani wakaja kumshika.

Tulimvika sanda Zaina huyo wa chuma, tukachimba kaburi karibu na la baba yake. Mjomba alikuja, nami sikujua kama amekuja kuzika au kunifukuza. Alimwomba Mwamini ruhusa, akaifunua sanda, akaishika sanamu, akaigeuza mara huku mara kule. Kisha akasema mbele ya watu wote:

"Mimi ningenyoosha. Leo tungezika mutoto wa mutu mwingine."

Hakuniomba radhi, wala sikuhitaji. Aliniambia tu makaa yamepungua, nirudi kazini.

Baada ya hapo walikuja watu kutoka Alunguli, ng'ambo ya mto, hata kutoka Obokote, kila mmoja na aliyempoteza. Mjomba mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwauliza, "Alikuwa anatembea namna gani?" Kazi hiyo ndiyo iliyonipa jina, mwanangu, na ndiyo iliyonizeesha.

Nakuachia maneno haya. Jifunze kwanza kunyoosha chuma mpaka ukijue, ili ukiacha kitu kimepinda uwe umeamua. Mheshimu fundi wako, hata siku utakayolazimika kumkatalia. Mkatalie kwa kazi, si kwa mdomo. Na mtu akikuletea msiba wake, usiwashe moto kabla hujamsikiliza mpaka mwisho. Usimpambe marehemu ili wewe usifiwe. Mfanye kama waliompenda walivyomjua.

Mungu akulinde macho yasiungue na moshi, akupe mkono mtulivu na moyo usiochoka kusikiliza. Na wale wako, mwanangu, akurudishie kila jioni wakiwa hai. Amina.