Mkono Uliponiziba Mdomo

Juzi barabarani, pale mjini Kiboko, polisi wa trafiki aliinua mkono kusimamisha lori, nami nikajikuta nimeshika mdomo wangu.

Nilikuwa mtoto wa Sande skul siku ile mwalimu wetu, Anti Mwende, alipotupeleka kutembea hifadhini. Njia ilikuwa tambarare, nyasi zikinukia jua, nasi tukimfuata askari wa wanyama. Ghafla akasimama, akainua mkono. Kanisani kwetu mkono ukiinuliwa, ni sifa. Tukainua yetu na kuanza pambio.

Matawi yakavunjika mbele yetu, kisha nyuma. Ndovu!

Wenzangu walilala chini karibu na askari. Anti alinivuta kichakani, akaniziba mdomo kwa kiganja kilichonuka vitunguu. Miiba ilinidunga mgongoni, na kila nilipojipindua alinibana zaidi. Nilidhani ananiadhibu kwa kuimba vibaya.

Ndovu walipoenda, aliniachilia.

"Anti, nimefanya nini?"

"Hakuna kitu, mtoto wangu. Umeimba vizuri."

Mkono wake ulikuwa umelowa hadi kwenye kiwiko. Nikaona haya, nikaufuta kwa sketi yangu, nikidhani ni mate yangu. Leo najua mtoto hana mate ya kufika huko; lilikuwa jasho la hofu yake.