Vyuma vya Mgongo na Mama Mkwe

Daktari alinitia skrubu nne na vyuma viwili vyembamba kiunoni, vishike pingili mbili za uti wa mgongo mpaka mfupa uungane. Kisha akanionya: usiiname, usijipinde, usichuchumae. Nilimwitikia kama mtoto wa shule. Hakuna aliyeniambia kwamba suruali nayo hushuka yenyewe.

Siku hiyo mke wangu alikuwa ameenda sokoni Otonglo. Mama yake, aliyetoka Port Victoria kuja kunijulia hali, alikuwa uani anachagua mchele. Kwetu Wajaluo mwanamume na mama mkwe wake hawapeani hata mkono, na mimi ndiye niliyeishikilia desturi hiyo kwa ukali. Nilimtafutia pa kulala kwa jirani, asije akalala chini ya paa langu. Niliona hiyo ndiyo heshima.

Nikatoka chooni, kamba ya suruali ikafunguka, suruali ikaanguka mpaka vifundoni. Nilijaribu kuivuta kwa kidole cha mguu, nikateleza, nikajikuta nimeng'ang'ania fremu ya mlango. Kuinama siwezi, kuachilia siwezi. Nikianguka, vile vyuma vinaweza kung'oka. Nilivumilia kadiri nilivyoweza. Mwisho nikaita.

"Baba, ni nini?" akauliza kutoka nje.

"Mama, usiingie!"

"Sasa kama siingii, unaniitia nini? Nafunga macho. Nakuja."

Akaingia akipapasa ukuta, macho ameyafumba kabisa. Akapapasa sakafu, akaipata suruali, akaipandisha. Mkono wake ukagusa bandeji mgongoni, ukasimama hapo.

"Ni hapa waliweka?"

"Ndiyo, mama."

"Pole, baba."

Akafunga kamba mafundo mawili, ndipo akafumbua macho, akanishika mkono mpaka kitandani. Niliona haya mpaka machozi yakanitoka, mwanamume mzima mwenye mvi.

Mke wangu aliporudi na dagaa wa omena, akauliza tulishindaje.

"Tumeshinda vizuri," mama akajibu kutoka uani. "Bwana yako amelala tu."

Jioni akachukua kifurushi chake kwenda kwa jirani. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nimenyooka kama ubao. Nilitaka kumwambia alale hapa. Skrubu walizitia kiunoni, si mdomoni, lakini sikusema neno.