Picha ya Mama wa Angani

Pale Geita, sauti ya Sesilia ilijulikana kuliko sura yake. Kwa miaka tisa alikaa nyuma ya pazia la banda lake la video, kipaza sauti mkononi, akizigeuza picha za kigeni kuwa Kiswahili, na utamu ukikolea, Kisukuma. Wachimbaji walitaka ngumi, magari yanayolipuka na vichekesho vyake, naye aliwapa.

Jumapili moja mchana akaweka picha ambayo hata yeye hakuwa ameitazama. Ilimhusu mwanamke aliye peke yake ndani ya chombo cha angani, mbali kiasi kwamba akisema neno leo, jibu la nyumbani humfikia baada ya miaka minne. Basi. Mwanamke alimwagilia mche wake, akaongea na mwanawe kijana aliyemwacha nyumbani, akasubiri. Risasi hata moja haikulia. Nusu saa haikuisha, miluzi ikaanza. Enock, mchimbaji mrefu kutoka Kahama, alisimama wa kwanza, akasema kama ni kusubiri, hata shimoni anasubiri. Wengine wakamfuata. Walibaki wawili tu, na Sesilia, aliyekuwa amezima kipaza sauti bila kujitambua. Hakuwa na la kuongeza. Aliitazama mpaka mwisho.

Cha ajabu kilikuja baadaye. Wale waliotoka wakaanza kumsimamisha sokoni, mmoja mmoja, kama watu wanaoulizia hali ya mgonjwa: yule mama wa angani, alijibiwa? Picha za ngumi walikuwa wameshazisahau.

Msimu wa mvua uliofuata, udongo uliporomoka ukaziba mdomo wa duara, shimo la dhahabu alimokuwa Enock. Alikaa chini ya ardhi siku tatu, peke yake. Wiki chache baada ya kuokolewa alikuja bandani kwa magongo.

"Shikamoo, Mama Violeth," akamwita Sesilia kwa jina la bintiye.

"Marahaba. Pole, baba. Kaa kwanza."

Akakaa, akaegemeza magongo ukutani. "Tochi ilipozimika nilitaka kupiga kelele mpaka pumzi iniishie," akasema. "Nikamkumbuka yule mama. Nikawa nagonga jiwe, nanyamaza, nasikiliza. Nikajiambia, sauti yangu iko njiani."

 Sesilia hakuwahi kufikiri kwamba picha iliyokimbiwa na watu ingeweza kushuka na mtu shimoni ikakaa naye siku tatu.

"Lakini ulitoka kabla haijaisha," alimwambia.

"Ndiyo maana nimekuja."

Sesilia akamwekea picha mchana uleule. Wapita njia walichungulia, wengine wakaketi. Jibu lilipofika, kwa sauti ya mwanawe, ambaye sasa alikuwa mtu mzima, Enock alifunika mdomo kwa kiganja, na bandani hakuna aliyekohoa.

Siku hizi Sesilia huionyesha mara moja kila mwaka. Banda halijajaa hata siku moja, ila kuna mama mmoja hupanda basi kutoka mbali, huko Kambarage, kuifuata. Ikiisha, watazamaji hawatawanyiki upesi. Husimama nje wakitazama juu, mchana kweupe, pasipo nyota hata moja ya kuonekana.